Mboga Chungu, Pilau ya Matanga na Mguu Wangu

Kakuyuni, alasiri

Mwanangu Sidi, mama yangu,

Umekwenda Malindi kumuaga shangazi yako na kununua sweta, na umeniachia onyo nisiziguse zile ndizi mbivu zilizo kapuni. Sijazigusa. Nimegusa moja tu, na nusu yake wamekula kuku. Nakuandikia sasa hivi jua likiwa bado kali, kwa sababu ukirudi nyumba itajaa watu wa kukuaga, na mimi nikisema mbele ya watu huwa nahutubia. Ni mazoea ya matanga hayo. Barua hii nitaitia katika mfuko wa mbele wa begi lako uisome kesho ukishaketi garini, kabla halijaondoka, mahali ambapo huwezi kunijibu.

Habari za kufunga mlango wa chumba, za kutowaamini watu wa stendi na za kuvaa soksi mbilimbili, shangazi yako amekwisha kukwambia na leo anakwambia tena. Sina la kuongeza. Mimi nataka kukuandikia juu ya chakula. Mwaka huu wote mimi na wewe hatukuzungumza jambo jingine, na mazungumzo yenyewe mengi yalikuwa ugomvi.

Nianze na jana. Muuguzi alipoifungua ile bandeji, akaubonyezabonyeza wayo wangu kwa kidole, akasema, "Mzee, kidonda kimefunga. Na sukari yako imekaa pazuri." Mimi nilisikia mara moja ikanitosha. Wewe ukamuuliza, "Kimefunga kabisa?" Akasema kabisa. "Hata kwa ndani?" Hata kwa ndani. "Na hakuna tena habari ya kukata?" Yule dada akacheka, akakwambia kama kuna cha kukata basi ni kucha zangu, maana zimekuwa ndefu. Nikakuona umekaa kwenye benchi, umeweka mikono mapajani. Nilifurahi, mwanangu. Nilifurahi kiasi kwamba niliogopa kusimama nisije nikalia mbele ya wagonjwa wenzangu, ambao wengi wananijua kwa jina la fundi na bado nina nguo zao.

Kisha tukiwa njiani kurudi ukaniuliza, "Baba, basi sasa naweza kwenda?"

Swali lile limekaa nami tangu jana. Msichana mzima, umesoma ukafaulu, chuo cha ualimu cha Kericho kimekushikia nafasi mwaka mzima, halafu unaomba ruhusa kwa mguu. Ulikuwa kama umeolewa nao. Na jioni, tulipokuwa tunakula, ukaongeza lile lililonivunja moyo: "Nikisikia sukari imepanda tena, narudi." Ulilisema kwa upole, kama mtu anayeahidi kuleta zawadi. Nakuandikia, Sidi, ili usirudi. Uje likizo, uje kula, uje kunisumbua, karibu sana. Lakini usiache masomo ukarudi kunipikia. Na kwa kuwa maneno yangu matupu huyaamini, nimeona nikueleze nilivyojifunza, upate kuamini kwamba naweza kujilisha.

Mama yako, Mungu amrehemu, hakuwahi kuniambia neno lishe. Alikuwa anaangalia tu nje. Mvua za masika zikianza alichukua kapu akaingia kondeni, akarudi na mchunga, ile mboga chungu, na mnavu na majani ya kunde. Mahindi mabichi yalipokuja tulikula mahindi. Mbaazi zilipojaa maganda tulikula mbaazi hadi watoto wa jirani wakatutania. Alikula kilichokuwapo wakati wake, basi. Na mimi, mwenye cherehani barabarani na jina lililoandikwa kwenye kibao, niliona haya. Nilikuwa nikimwambia, "Fundi hali majani kama mbuzi." Naye alikuwa akinijibu, "Mbuzi wangu hajawahi kuumwa tumbo," kisha ananipakulia hayo hayo, nami nakula nikinung'unika. Nilinenepa kwa manung'uniko yale, na sikuumwa.

Alipotutoka, wewe ukiwa shule ya bweni, nilijilisha kwa akili zangu. Asubuhi chai ya sukari nyingi na mahamri. Mchana chapati kutoka kwa mama aliye mkabala na duka. Jioni mara nyingi matangani. Wewe unajua kwetu hakuna juma lisilo na matanga, hapa au Magarini au kokote kwenye mtu wa ukoo, na mimi nimo kwenye kamati ya mazishi tangu hujazaliwa. Msemaji wa kamati haletewi sahani ndogo. Nilikuwa napewa pilau iliyopanda mlima, na nyama juu yake, na soda mbili, moja ya kunywa na moja ya heshima.

Walipoligundua gonjwa la sukari sikutishika hata kidogo, kwa sababu nilikuwa na elimu yangu. Elimu yenyewe sisi wote hapa tunayo: kitu kichungu huua kitamu. Nikachemsha majani ya mwarobaini nikawa nakunywa kikombe kila asubuhi. Nikarudia hata mchunga wa mama yako, nikila bakuli zima bila kumwaga yale maji machungu, machozi yakinitoka. Nikishamaliza, nilijiona nimelipa ushuru. Ndipo nilipokuwa nakunywa chai yangu ya sukari na kula maembe mawili matatu nikiwa na amani kabisa. Nilidhani tumbo ni mizani, ukiweka uchungu huku na utamu kule mambo yanakuwa sawa. Watu wengi walinisifu kwa kuvumilia ule mwarobaini. Hakuna aliyeniuliza nakula nini baada yake.

Siku ya sindano unaikumbuka kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyeiona damu. Nilikuwa nashona sare za shule, miguu peku juu ya pedali, nikipiga mluzi. Ukaingia na chai ukasimama. Ukasema, "Baba, hicho nini hapo chini?" Nikatazama, nikaona pedali imelowa, na sindano imeingia wayoni ikabaki kichwa tu. Sikuwa nimehisi kitu. Nimeshona maisha yangu yote na sindano ikinichoma kidole huwa naruka. Ile haikuuma hata chembe, na kutouma kule ndiko kulikoniogopesha. Yaliyofuata sitayarudia, harufu ile na daktari aliyesimama mlangoni akizungumza nawe badala ya kuzungumza nami. Ukarudi kitandani kwangu ukaniambia chuo kitangoja. Nilitaka kukukatalia. Nilikuwa naogopa mno, mwanangu, nikanyamaza, na wewe ukabaki.

Basi ukaanza utawala wako. Sukari ukaificha, hadi leo sijui ulikuwa ukiiweka wapi. Sima yangu ikawa ya unga usiokobolewa, tena kipande cha ukubwa wa ngumi, na ulikuwa ukitumia ngumi yako si yangu. Nililalamika kwa kila aliyepita barabarani kwamba binti yangu ananiua njaa. Na nilipopata nafuu ya kutembea kwa mkongojo, mahali pa kwanza nilipokwenda ni wapi? Matangani.

Nilikuwa na hoja, na sikuwa nimeitunga, naiamini hata leo: kumkatalia mfiwa chakula ni kumwongezea msiba. Mtu amechinja ng'ombe wake wa mwisho ili ndugu zake wale, wewe unamwambia daktari amekukataza? Kwa hiyo nilikuwa nakula, nikirudi nyumbani nakwambia nimekunywa maji tu, na kesho yake kipimo kinanisema.

Ulichokifanya kule Magarini, kwenye msiba wa mkwe wetu, mpaka sasa watu wanakisimulia. Ulinifuata bila kuniambia. Ukapita moja kwa moja hadi kwa akina mama waliokuwa wanapika, ukawaamkia, ukavua viatu ukamenya vitunguu pamoja nao kama saa nzima. Mimi nimekaa na wazee wenzangu chini ya turubai, nangoja pilau, nakuona unakuja na sahani. Mbaazi, mchicha, kipande cha samaki wa kuchoma, na wali kidogo pembeni kama uliodondoka kwa bahati mbaya. Ukapiga magoti ukaniwekea mbele yangu, ukasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Baba, mama mwenye msiba amesema hiki amekupikia wewe, na ukikiacha atahuzunika."

Nilitamani ardhi inimeze. Ulikuwa umeichukua hoja yangu mwenyewe ukanifunga nayo mikono. Nikashika kijiko huku nimeinamisha uso. Hapo ndipo mzee Kahindi aliyekuwa kando yangu, yule mkali asiyecheka na mtu, akanyoosha shingo akaitazama sahani yangu, akasema, "Mwanangu, hebu niletee na mie hiyo."

Ukamuuliza, "Na wewe una sukari, babu?"

"Sukari na presha. Hawa wote unaowaona wanayo. Tunaoneana haya tu."

Na kweli. Benchi zima la wakubwa wa ukoo, watu wa kusuluhisha mashamba na kuozesha mabinti, kila mmoja alikuwa anameza vidonge kwa siri kisha anakula pilau ya heshima. Siku hizi kila tukiwa na matanga kuna sufuria ya pembeni yenye mbaazi na mboga, na akina mama huiita ya wazee, ingawa nimewaona vijana wakiiendea. Heshima haikuwa ndani ya mchele, mwanangu. Mfiwa alitaka tule chake, hakuwa na haja ya kujua ni nini. Hilo limenichukua umri wangu wote kulijua, na nilifundishwa na mtoto aliyepiga magoti.

Kupika nako nilijifunza kwa kulazimishwa. Ulipolala na malaria sikuwa na budi kuingia jikoni. Ulipokuwa umejifunika shuka ukitetemeka, nilikuwa nakuuliza kutoka mlangoni, "Tui linatangulia au nyanya?" na wewe unanijibu kwa kidole. Mboga ya kwanza iliungua chini ikawa mbichi juu, sijui niliwezaje. Uliila. Ya pili ukasema ina chumvi ya kutosha msiba mzima. Ya tatu ukaomba uongezewe, nami nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama peke yangu kidogo kwa furaha.

Sasa sikiliza nitakavyokula, ili usikae darasani ukiniwazia. Huu ni wakati wa mbaazi mbichi, na sasa hivi ninapoandika ziko motoni. Nazimenya, nazichemsha hadi zilainike, kisha kitunguu, nyanya na lile tui jepesi la kukamua mara ya pili. Tui zito nimeliacha, namwachia jirani. Chumvi natia mwisho, kidogo, na ndimu inamalizia kazi ya chumvi. Vuli ikinyesha, mchicha na matembele vitaota hata nyuma ya choo. Maembe yakija mwisho wa mwaka nitakula embe moja mchana baada ya chakula, nalitafuna na nyuzi zake. Juisi sitaki hata kuiona, maana niligundua bilauri moja imebeba maembe ambayo mtu mwenye meno asingeyamaliza. Kiangazi mboga zikikauka, kuna kunde kavu na pojo ndani ya debe. Ndio wakati samaki wanashuka bei kule mjini, nitakuwa nachoma kwa ndimu na kitunguu saumu. Bahari ikichafuka samaki wakipanda bei, dagaa wapo. Nawaosha kwa maji ya moto, nawakaanga wakavu, ndipo natia nyanya nyingi. Masika yakirudi nitachukua kapu la mama yako niende kondeni. Mchunga nauchemsha namwaga maji ya kwanza, nauchanganya na mnavu na majani ya kunde, uchungu unabaki wa kuchangamsha ulimi tu. Nakula sasa kwa sababu ni mtamu. Habari ya kulipa ushuru nimeiacha.

Na wewe huko Kericho usianze kulilia nazi. Nilimuuliza jirani yetu Mama Chebet, kwao ni huko huko. Akaniambia mnavu wetu wao huuita managu, na hawauungi kwa tui, wanauchemsha wanautia maziwa. Nikamwambia mboga na maziwa ni mambo ya ajabu. Akanijibu, "Baba Sidi, hata mimi nilipokuja hapa nikaona mtu anatia nazi kwa maharagwe, nilidhani amekosea." Juzi alinionjesha. Ni nzuri, mwanangu, hasa ikilala ikaliwa kesho yake. Kumbe kila mahali watu wameutafutia uchungu wao kitu cha kuupoza, kwa kile walichonacho karibu.

Kwa hiyo angalia kinachojaa sokoni na kushuka bei, hicho ndicho cha wakati wake. Maparachichi huko, nasikia, yanaokotwa chini. Kata moja, nyunyizia chumvi na ndimu, kula na kiazi kitamu cha kuchemsha, umekwisha kula chakula cha jioni bila kuchafua sufuria mbili. Siku isiyo na masomo chemsha pure, ambayo wao huiita githeri, mahindi na maharagwe mengi, ugawe, uwe unaunga kidogo kidogo kwa kitunguu, karoti na sukuma wiki ya kukatia mwishoni ibaki kijani. Asubuhi kuna baridi, kunywa uji wa wimbi, uukamulie ndimu. Na siku moja moja kula chipsi na wenzako, ucheke. Sitaki uwe mlinzi wa sahani za watu. Umekuwa mlinzi wa yangu, umechoka, nimeliona hilo usoni mwako hata ulipokuwa unaniambia hujachoka.

Najua umemwachia Mama Chebet kazi ya kunichunguza. Aliniambia mwenyewe, hana siri yule mama. "Nitamwambia ukweli yote, hata ukikula keki," akasema. Nimemruhusu. Atakwambia nimekwenda kliniki, atakwambia kipimo, na iko siku atakwambia kimepanda. Sikufichi, kitapanda. Mimi si malaika, na matanga hayajaisha duniani. Ukisikia hivyo nipigie simu unigombeze vilivyo, mimi nitakuomba radhi, nitarudi kliniki, nitakwenda kondeni. Wewe utarudi darasani. Huo ndio mpango, na nakuomba uukubali, kwa sababu mgonjwa niliyekuwa siku ya sindano alikuwa hajui kupika wala kukataa sahani, na huyu unayemwacha anajua vyote viwili.

Umenipa mwaka wako, Sidi. Sikukushukuru hata siku moja, nilikuwa nanung'unika kama nilivyomnung'unikia mama yako. Ahsante, mwanangu. Ahsante kwa sima ndogo, na kwa kuniaibisha Magarini. Mungu akulinde uendako, akupe watoto wa kufundisha wasiokuwa wakaidi kama baba yako.

Kesho asubuhi nitakusindikiza hadi stendi ya Malindi. Shangazi anataka niletewe kiti nikae. Nimekataa. Gari likianza kuondoka utachungulia dirishani, najua, na utanitazama uso ili ujue kama ninaweza kubaki. Usiutazame uso, huo siuwekei dhamana. Tazama chini, uone nimesimama juu ya miguu miwili.

Ni mimi baba yako,
fundi wa Kakuyuni